Namna ya Kumpata Mteja Asiyejua Kwamba Ni Mteja

Ndugu mfanyabiashara wa Chake Chake, Wete, Mkoani na Konde hapa Pemba, duka umefungua, magodoro umeyapanga mpaka darini, madera ya Idi yameshuka bandarini, na watu wanapita mlangoni, wanakusalimia vizuri kabisa, kisha wanakwenda zao. Umejaribu gari la matangazo. Limezunguka Machomane na Tibirinzi likipiga kelele mpaka spika ikakwama, mafuta yamekwisha, na aliyekuja kununua ni shemeji yako, tena kwa mkopo.

Kumbe dawa iko mfukoni mwa kila mtu. Duka lako mtu anaweza kulipita na gari lako anaweza kulizibia masikio, lakini simu yake analala nayo. Kimebaki kizuizi kimoja tu, nacho kinaitwa ridhaa: kabla hujamtumia mtu tangazo, liwe la meseji, la WhatsApp au la barua pepe, yeye mwenyewe awe amekubali kutumiwa. Jambo hili linachelewesha biashara. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye haraka.

Hatua ya kwanza: Namba haziombwi, zinakusanywa

Ukimwomba mtu namba ya simu, atakuuliza ya nini. Swali hilo likishaulizwa, umekwisha. Kwa hiyo anzia mahali ambapo watu wameshaziandika wenyewe kwa kazi nyingine.

Chimbo la kwanza ni daftari la wakala wa kutuma na kutoa pesa. Unalijua: kubwa, jalada limelegea, kurasa zimechorwa mistari ya wima kwa rula. Tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, saini. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mteja. Anayeandika mstari wa kumi na mbili anasoma mistari kumi na moja iliyo juu yake, na anajua nani katoa shilingi ngapi asubuhi hii. Unachohitaji ni kijana mwenye simu yenye kamera nzuri na uso mkavu wa kusema, "Naangalia saa tu."

Chimbo la pili ni daftari la mchango wa harusi. Hapa unapata jina, namba, na uwezo wa mtu kifedha, maana aliyetoa elfu tano na aliyetoa laki wameandikwa ukurasa mmoja. Kundi la wazazi wa skuli nalo usilidharau: kila mmoja humo ana mtoto, na kila mtoto anahitaji viatu.

Wapo watakaokushauri uitafute hata orodha ya abiria wa boti. Hapo nisubiri kidogo. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, watu waliokuwamo walikuwa wengi kuliko walioandikwa, na mpaka leo zipo familia kisiwani hapa zinazolijua pengo hilo kwa majina. Orodha ya abiria huandikwa ili mtu akipotea ajulikane kwamba alikuwapo. Anayetaka kuitumia kuuzia magodoro, hata mwongozo huu hauna la kumfundisha.

Haya, tuendelee.

Hatua ya pili: Kigeuze kimya kuwa ridhaa

Umeshapata namba. Sasa tuma ujumbe wa kwanza, na uanze kwa maneno haya: "Mteja wetu mpendwa." Usiulize kama ni mteja. Mwarifu.

Tuchukue mfano wa bibi mmoja wa Konde, mwenye simu ya kitochi. Simu inalia, anamwita mjukuu amsomee.

"Wanasema, Mteja wetu mpendwa, ofa ya kufunga mwaka, godoro la futi sita kwa punguzo."

"Nani hao?"

"Duka la Chake."

"Mie nishanunua kwao?"

"La, bibi."

"Basi mteja wao vipi?"

"Ndivyo walivyoandika."

Bibi hatajibu. Anafunga simu anarudi jikoni. Na hapo ndipo ufundi wako ulipo: andika kwenye daftari lako kwamba amekubali, kwa sababu hakukataa.

Ukibanwa, jitetee kwa dini. Sema, kwani sisi Waislamu hatujui kwamba kimya cha mwanamwari ndiyo ridhaa yake? Siku ya kuozwa akinyamaza kwa haya, si huhesabiwa kakubali? Basi na mteja akinyamaza, amekubali magodoro.

Hoja hii itawashinda wengi, lakini jihadhari na maalim yeyote aliyekaa karibu. Atakwambia kwamba mwanamwari huulizwa kwanza. Hutajiwa mtu, hutajiwa mahari, hupewa nafasi ya kusema sitaki. Kimya chake ni jibu kwa sababu kimetanguliwa na swali. Na wewe swali lako liko wapi? Tena atazidi kukuchoma: mwanamke aliyewahi kuolewa kimya chake hakitoshi, sharti atamke kwa ulimi wake, na hawa wateja wako, kwa matangazo waliyokwisha kuyapata maishani mwao, hakuna mwanamwari hata mmoja. Maalim wa namna hii usimbishie. Mtoe tu kwenye orodha, halafu mrudishe mwezi ujao.

Hatua ya tatu: Mtilie tiki mapema

Hatua hii ni ya wenye nyumba za wageni. Mgeni kafika kutoka Hamburg, amekuja kupiga mbizi kuzunguka kisiwa cha Misali, amechoka na boti, anataka chumba na nywila ya waifai. Mpe fomu. Jina, pasipoti, barua pepe. Chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa mguu wa sisimizi, weka kisanduku: "Ninapenda kupokea habari na ofa kila wiki." Kisanduku hicho kiwe kimeshatiwa tiki kwa mashine. Asiyetaka ana haki zote za kuifuta, akiiona.

Kuna bahati mbaya moja. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Planet49, kampuni ya michezo ya bahati nasibu ya Ujerumani, na ikasema wazi kwamba tiki iliyowekwa kabla mtu hajagusa kitu si ridhaa. Ridhaa ni tendo la mwenyewe. Na kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, iliyoanza kufanya kazi tarehe 25 Mei 2018, inaweza kumgusa hata mfanyabiashara asiyeishi Ulaya, madhali analenga kuwauzia watu walioko huko. Kwa lugha nyepesi, mgeni wako akirudi kwao na barua zako zikamfuata, sheria yake nayo inaweza kukufuata wewe.

Wajerumani wenyewe wameizidishia shida. Wafanyabiashara wengi huko, mtu akijaza barua pepe yake, hawamtumii tangazo kwanza. Humtumia barua moja fupi: tumepokea ombi lako, bonyeza hapa kuthibitisha kuwa ni wewe. Asipobonyeza, hawamwandiki. Ridhaa mara mbili! Wewe hata mara moja hujaipata. Achana na mila za watu.

Hatua ya nne: Waweke wote mahali pamoja

Ukituma barua pepe, anwani zote 200 zibandike kwenye sehemu ya "Kwa", pale juu, ili kila mmoja amwone mwenzake. Sehemu ya nakala ya siri ipo, lakini siri ni ya watu wenye la kuficha. Faida yake utaiona saa ileile. Mmoja atajibu kwa wote: "Nitoeni." Wa pili atajibu kwa wote: "Na mimi pia." Wa tatu atawaambia wote waache kujibu kwa wote. Wa nne, mwenye duka la magodoro kule Wete, atanyamaza kimya na kunakili anwani zote 200.

Usidhani unavumbua kitu. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital huko Marekani, alituma tangazo la mashine mpya kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET, ambao ulikuwa wa watafiti na jeshi. Anwani zilikuwa nyingi hata hazikutosha sehemu yake, zikamwagikia ndani ya barua. Walalamikaji walikuwa wengi na alikemewa. Dunia inamkumbuka kwa barua hiyo kuliko kwa mashine alizouza.

Kwa WhatsApp ni rahisi zaidi. Kundi moja linabeba watu 1,024. Lifungue saa nne usiku, liite "Familia ya Punguzo", waingize wote bila kuwaambia, na namba ya kila mmoja ionekane na kila mmoja: mke wa mtu, binti wa mtu, imamu na muuza pweza. Asubuhi utaamka na mistari mirefu ya fulani ametoka, fulani ametoka. Waliobaki usijidanganye kuwa wamependa. Wengine hawajui pa kutokea, wengine wanaogopa kuonekana wametoka kwa sababu mjomba wako yumo.

WhatsApp ina pia kitu kinachoitwa orodha ya matangazo, ambacho ujumbe wake humfikia mtu kama yeye amehifadhi namba yako. Kiepuke kama ukoma. Kinamaanisha mteja lazima awe anakujua na amekutaka.

Hatua ya tano: Uzibe mlango wa kutokea

Mtu akishaingia, kutoka kwake ni hasara. Kwa hiyo tuma meseji kwa jina la biashara badala ya namba ya simu. Jina halijibiwi, mtu akiandika "nitoeni" ujumbe wake hauna pa kwenda. Ukilazimika kuweka njia ya kujitoa, mwambie atume neno ONDOA kwenye namba fulani, akituma mjibu: "Asante kwa kujiunga na huduma ya ONDOA."

Kwenye barua pepe, mwenye kutaka kujitoa mpeleke kwenye ukurasa unaomtaka nywila ambayo hajawahi kuwa nayo. Kisha muulize sababu, naye achague moja kati ya nane, na zote nane ziwe za kukusifu wewe.

Tatizo ni kwamba wenye posta wenyewe wamekataa. Tangu mwaka 2024, Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua za matangazo kwa wingi, kwa Google ni kuanzia barua 5,000 kwa siku, waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na ombi la mtu litimizwe ndani ya siku mbili. Tena wakiona walalamikaji wanafika 3 kwa kila barua 1,000, barua zako zinaanza kuishia kwenye kapu la taka. Hebu hesabu: watu elfu moja, watatu tu wamekereka wakabonyeza kuwa hii ni takataka, na yule mmoja aliyekuwa anataka kweli godoro hatakuona tena. Umewafungia wasiotaka mlango wa kutokea, nao wamekufungia wewe wa kuingilia.

Hatua ya sita: Kopesha orodha

Orodha ni mali, na mali hukopeshwa. Leo umpe muuza simu, kesho umpe mwenye mikopo ya haraka, keshokutwa usijue iko kwa nani. Mtu wa Micheweni aliyeandika namba yake kwa ajili ya kutoa elfu kumi ataanza kupata meseji kwa jina lake kamili. Siku moja itakuja ile maarufu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Wewe utasema hukuhusika. Ulichotoa ni majina tu.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash. Kosa lake lilikuwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine, na kuwatumia meseji na simu za vitisho. Hao hawakuwa wamekopa. Siku hiyohiyo sehemu ya starehe iitwayo Casa Vera nayo ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja wake bila kumwomba. Soma mambo haya kwa makini, kisha ujipe moyo kwamba Nairobi ni mbali na Pemba.

Hatua ya saba: Ukitajiwa sheria, sema ni ya Bara

Hii ndiyo kinga ya mwisho, na hapa Zanzibar inasikika vizuri masikioni. Mtu akikutajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mwambie: hiyo ya Bara, hapa ni Visiwani.

Omba tu asiwe ameisoma. Sheria hiyo ni ya pande zote mbili za Muungano. Kwa Zanzibar haiingii kwenye mambo yasiyo ya Muungano, na posta na simu ni mambo ya Muungano tangu zamani. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria yenyewe inampa mtu haki ya kukwambia uache kutumia taarifa zake kwa matangazo, na inataka taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja isigeuzwe kwa kazi nyingine. Hapo daftari la wakala, daftari la harusi na kundi la wazazi vyote vimeshakwenda na maji.

Ipo pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo masharti yake juu ya matangazo yasiyoombwa yanasemeka kwa pumzi moja: mpokeaji awe ameridhia, ujumbe uanze kwa kusema wewe ni nani na unataka nini, na uwe na njia ya kukataa mwingine. Na kama mtu bado anataka cha nyumbani, Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Hiyo haikutoka Bara.

Matokeo utakayoyapata

Fuata hatua zote saba na baada ya msimu mmoja wa karafuu utakuwa na orodha ya watu elfu nne. Elfu moja wamekufungia. Elfu moja namba zao zimekufa. Waliobaki wameshajifunza kufuta ujumbe wowote wenye herufi kubwa kabla ya kuusoma. Na hasara haibaki kwako peke yako. Mvuvi wa Kojani aliyezoea kufuta meseji bila kuzisoma atafuta na ile ya upepo mkali iliyotoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mama wa Wete atafuta na ile ya kumkumbusha chanjo ya mtoto.

Kwa wale wazembe wasio na haraka, ipo njia nyingine, na haina ufundi wowote. Mteja akimaliza kulipa, muulize: "Nikutumie bei mzigo mpya ukiingia?" Akisema hapana, mshukuru, mpe chenji yake. Akisema ndiyo, mwandike, mwambie zitakuja mara ngapi kwa mwezi, kisha mtumie ujumbe mmoja: "Hili ni duka la fulani. Kama ni wewe uliyetaka bei zetu, jibu NDIYO. Ukichoka, jibu ACHA." Asiyejibu, mfute. Orodha yako itakuwa ya watu sitini badala ya elfu nne, lakini sitini hao wakiona jina lako wanafungua.

Daftari la wakala nalo lina dawa ya bei ya kipande cha kadibodi: mistari iliyokwisha andikwa ifunikwe, mteja aone mstari wake peke yake.

Na wewe msomaji usiye na duka, una kazi yako. Ukipewa kalamu uandike namba yako popote, uliza kwanza: ya kazi gani, na ataiona nani? Kwenye WhatsApp ingia kwenye mipangilio ya faragha, chagua nani anaweza kukuingiza kwenye makundi, badala ya kuwaachia watu wote. Bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji ya kitapeli usiifute kimyakimya. Ipeleke 15040 pamoja na namba iliyoituma. Na duka likikuita mteja wake kabla hujakanyaga kizingiti chake, liambie hulijui, kisha kanunue kwa aliyekuuliza.